Mwili Ndani ya Mwili: Mzizi wa Kigiriki "Soma" Katika Istilahi za Biolojia

Ribosomu, trypanosoma na schistosoma ni majina matatu ya vitu visivyofanana kwa lolote isipokuwa mwisho wa jina. Ribosomu ni chembe iliyomo ndani ya karibu kila seli hai, yenye kipenyo cha takribani nanomita 25, yaani sehemu 25 kati ya milioni moja za milimita; trypanosoma ni kimelea cha seli moja kinacholeta ugonjwa wa malale, na urefu wake ni mikromita 20 na ushei, karibu mara elfu moja ya ribosomu; schistosoma ni mnyoo wa kichocho, ambaye jike lake hufikia milimita 20, mara elfu moja tena ya trypanosoma. Mwanafunzi anayekutana na majina haya katika vitabu tofauti, au katika sura tofauti za kitabu kimoja, kwa kawaida hukariri kila moja peke yake bila kuambiwa kwamba yote yamebeba neno moja la Kigiriki, soma, lenye maana ya mwili. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba neno hilo lilikuwa kwa wanabiolojia jina la kwanza la kitu kilichoonekana kabla ya kazi yake kufahamika, na kwamba sehemu inayotangulia mzizi huo katika kila istilahi inaeleza kwa uaminifu kile ambacho mtoa jina alikijua siku alipolitoa.

Katika Kigiriki chenyewe neno hili halikutulia na maana moja. Aristarchus wa Samothrace, msomi wa Aleksandria wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alibainisha kwamba katika tenzi za Homer neno soma hutumika kwa mwili wa aliyekufa tu, yaani maiti au mzoga, wala si kwa mwili wa aliye hai. Baadaye lilienea likashika mwili hai wa mtu na mnyama, na katika maandishi ya Aristotle linataja pia kitu chochote chenye urefu, upana na kina. Maana hiyo ya tatu, ambayo Kiswahili kinaweza kuieleza kwa neno gimba, ndiyo iliyowafaa zaidi watu wa hadubini, kwa sababu iliwaruhusu kusema kwamba kuna kitu bila kulazimika kusema ni kitu gani. Shina kamili la neno ni somat-, nalo hujitokeza pale ambapo istilahi inahitaji kivumishi, kama itakavyoonekana. Kufanana kwake na kitenzi cha Kiswahili kusoma ni kwa bahati tu, na hakuna maana yoyote ya kibiolojia inayoweza kujengwa juu ya mfanano huo.

Istilahi ya kuanza nayo ni kromosomu, kwa kuwa ndiyo iliyoufanya mzizi huu uwe wa kawaida katika elimu ya seli. Walther Flemming, aliyefanya kazi katika mji wa Kiel nchini Ujerumani, alichunguza seli za viluwiluwi vya salamanda, mnyama mwenye seli kubwa na kiini kikubwa, akizitia rangi za anilini zilizokuwa zimeanza kutengenezwa viwandani katika karne ya 19. Aliona kwamba ndani ya kiini cha seli kulikuwa na kitu kilichonywa rangi kwa pupa kuliko vyote vilivyokizunguka, akakiita kromatini, kutokana na neno la Kigiriki khroma, yaani rangi. Na kwa kuwa kitu hicho kilijikusanya kuwa nyuzi kila seli ilipokaribia kugawanyika, mgawanyiko wenyewe aliuita mitosisi, kutokana na mitos, yaani uzi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1882. Miaka sita baadaye, mwaka 1888, Wilhelm Waldeyer wa Berlin alipendekeza kwamba kila uzi mmoja uitwe kromosomu, gimba la rangi.

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu jina hili lina jambo ambalo wengi hulipita. Kromosomu haina rangi. Katika seli hai isiyotiwa kitu chochote ni vigumu kuitofautisha na majimaji yaliyoizunguka, na rangi inayoonekana katika picha za vitabuni ni ya dawa iliyoongezwa na mtafiti. Kwa hiyo Waldeyer aliipa jina tabia ya kitu mbele ya rangi, si umbo lake wala kazi yake, na alifanya hivyo kwa haki, maana mwaka 1888 hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba nyuzi hizo ndizo zinazobeba urithi kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Uthibitisho ulianza kukusanyika mwaka 1902 na 1903 kupitia kazi za Theodor Boveri nchini Ujerumani na Walter Sutton nchini Marekani. Sababu ya kunywa rangi ilikuja kueleweka baadaye zaidi: DNA iliyomo katika kromosomu ni asidi, ina chaji hasi katika urefu wake wote, na rangi zilizotumika zina chaji chanya, hivyo viwili hivyo hushikana. Jina lililotolewa kwa kuangalia tu likawa, bila mtoaji wake kujua, limegusa kemia ya jambo lenyewe.

Kromosomu ikazaa istilahi nyingine, na katika baadhi yake neno lote limefupishwa hadi kubaki mzizi soma. Otosomu ni kromosomu zisizohusika na kuamua jinsia, nazo kwa binadamu ni jozi 22. Trisomia, ambayo kwa tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa hali ya miili mitatu, maana yake ni kuwa na kromosomu tatu za namna moja badala ya mbili. Monosomia ni kuwa na moja tu. Msomaji asiyejua kwamba soma hapa ni ufupisho wa kromosomu hawezi kuipata maana hata akiwa na kamusi nzuri ya Kigiriki. Hesabu yenyewe ya kromosomu za binadamu ilichukua muda mrefu kusahihishwa: tangu mwaka 1923, Theophilus Painter alipotangaza kwamba ni 48, vitabu viliendelea kuandika hivyo kwa zaidi ya miaka 30, hadi Joe Hin Tjio, aliyezaliwa katika kisiwa cha Java, na Albert Levan wa Lund nchini Uswidi walipochapisha mwaka 1956 kwamba ni 46. Waliziloweka seli katika maji yenye chumvi kidogo hadi zikavimba na kromosomu zikaachana, jambo lililowezesha kuzihesabu moja moja. Bila hesabu hiyo sahihi, ugunduzi uliochapishwa Paris mwaka 1959, kwamba watoto wenye dalili za Down wana kromosomu ya 21 ya ziada, usingewezekana.

Katika maandishi ya August Weismann, mwanabiolojia wa Freiburg, mzizi huu ulitumika kwa ukamilifu wake wa zamani. Weismann, katika kitabu chake cha mwaka 1892, alitenganisha seli za uzazi, ambazo huendelea kutoka kizazi hadi kizazi, na soma, yaani mwili mzima uliobaki, ambao hufa na mwenyewe. Kutokana na tofauti hiyo wataalamu husema seli za somatiki wakimaanisha seli za ngozi, misuli, ini, neva na nyinginezo zote zisizokuwa mbegu za kiume wala mayai. Tofauti hiyo ina uzito kwa madaktari hadi leo: badiliko la jeni lililotokea katika seli ya somatiki laweza kuleta saratani kwa mtu huyo, lakini halimfikii mtoto wake, ilhali badiliko lililomo katika seli ya uzazi hurithiwa. Kondoo aitwaye Dolly, aliyezaliwa Scotland mwaka 1996, alipata umaarufu kwa sababu hiyohiyo, kwani kiini kilichomzalisha kilitoka katika seli ya somatiki ya kiwele cha kondoo mzima. Homoni ya ukuaji nayo huitwa somatotropini, na ile inayoizuia huitwa somatostatini, mzizi ukiwa na maana ya mwili mzima katika yote mawili.

Kufikia katikati ya karne ya 20 utaratibu wa kutoa majina ulikuwa umeanza kugeuka, na hakuna istilahi inayoonyesha mgeuko huo vizuri kuliko lisosomu. Christian de Duve na wenzake katika Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji hawakuwa wakitafuta sehemu mpya ya seli. Walikuwa wakichunguza jinsi homoni ya insulini inavyofanya kazi katika ini, kwa kusaga ini la panya taratibu na kulitenganisha kwa mashine izungukayo kwa kasi, ambayo hutupa vizito chini na kuacha vyepesi juu. Katika upimaji mmoja kimeng'enya kiitwacho fosfatasi ya asidi, kilichopimwa kwa ajili ya kulinganisha tu, kilionekana kuwa kidogo mno kuliko ilivyotarajiwa. Sampuli zikawekwa kwenye jokofu, na siku tano baadaye kipimo kilekile kikaonyesha kimeng'enya kingi. Wangeweza kuyatupa matokeo ya kwanza kama kosa la maabara na kuendelea na insulini yao. Badala yake walijiuliza kimeng'enya kilikuwa wapi siku ya kwanza, na jibu walilolifikia ni kwamba kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko vyenye utando, ambavyo vilipasuka polepole katika jokofu.

Vifuko hivyo de Duve aliviita lisosomu mwaka 1955, kutokana na lysis, yaani kufungua au kuyeyusha, kwa sababu vimeng'enya vilivyomo huvunjavunja protini, mafuta na sukari tata katika mazingira yenye asidi. Lililo kubwa katika historia hii ni kwamba jina lilitolewa kabla hajaonekana hata mtu mmoja aliyeviona vifuko vyenyewe kwa yakini. Picha za hadubini ya elektroni zilipatikana baadaye mwaka huohuo kwa msaada wa Alex Novikoff. Waldeyer aliona na hakujua kazi. De Duve aliijua kazi na hakuwa ameona. Mzizi ni uleule, lakini kiambishi cha kwanza kilitokana na jicho na cha pili kimetokana na hesabu ya kemia. Mwaka 1963 Henri-Géry Hers, wa chuo hichohicho, alionyesha kwamba ugonjwa wa Pompe, unaodhoofisha moyo na misuli ya watoto wachanga, hutokana na kukosekana kwa kimeng'enya kimoja cha lisosomu, na tangu hapo magonjwa mengi ya kurithi yamepata maelezo ya namna hiyo.

Ribosomu ilipita njia ndefu zaidi. Albert Claude alizipata kwanza chembe ndogo zilizobaki juu baada ya seli kusagwa na kuzungushwa, na alichoweza kusema juu yake ni kwamba zilikuwa ndogo, kwa hiyo zikaitwa mikrosomu, magimba madogo. Baadaye ilibainika kwamba mikrosomu zilikuwa vipande vya mtandao wa tando uliomo ndani ya seli, vikiwa vimebandikwa vijipunje ambavyo George Palade alivieleza mwaka 1955. Jina ribosomu lilipendekezwa na Richard Roberts mwaka 1958, kwa kuwa vijipunje hivyo vilikuwa na wingi wa RNA. Msomaji atakayetafuta ribo katika kamusi ya Kigiriki hatalipata. Sukari iitwayo ribosi, iliyomo katika RNA, ilipewa jina na Emil Fischer mwaka 1891 kwa kupangua herufi za neno arabinosi, ambayo ni sukari inayopatikana katika gundi ya Kiarabu, utomvu wa miti ya migunga inayoota kwa wingi Sudan na nchi nyingine zinazopakana na jangwa la Sahara. Kwa hiyo istilahi inayoonekana kuwa ya Kigiriki tupu ina nusu yake iliyotoka kwenye utomvu wa mgunga. Ribosomu ndiyo inayounganisha asidi amino kuwa protini, na kwa kuwa ile ya bakteria inatofautiana kidogo na ile ya binadamu, dawa kama tetrasaiklini na erithromaisini huweza kuizuia ya kwanza na kuiacha ya pili ikiendelea na kazi.

Nyingine zaweza kutajwa kwa ufupi. Sentrosomu, jina la Boveri la mwaka 1888, ni gimba la katikati ambalo huongoza nyuzi za mgawanyiko wa seli. Akrosomu, kutokana na akron, yaani ncha, ni kifuko kilicho kwenye kichwa cha mbegu ya kiume. Melanosomu, kutokana na melas, yaani -eusi, hubeba rangi ya ngozi na nywele, nayo kwa watu weusi ni kubwa zaidi na hukaa moja moja badala ya kukusanyika vifurushi. Liposomu ni kifuko cha mafuta kinachotengenezwa na binadamu, na madaktari wa Afrika Mashariki hukitumia kubebea dawa ya amfoterisini kwa wagonjwa wa kala-azar.

Mzizi huu unapohamia kwa viumbe kamili, maana hurudi kuwa mwili. David Gruby, daktari aliyefanya kazi Paris, aliona mwaka 1843 katika damu ya chura kiumbe kilichojisokota kikizunguka, akakiita Trypanosoma, mwili wa kekee, kutokana na trypanon, chombo cha kutobolea. Wakati huo hakuna aliyekihusisha na ugonjwa wowote wa watu. Nusu karne baadaye David Bruce alimkuta ndugu yake katika damu ya ng'ombe wa Zululand waliokuwa wakifa kwa nagana, na kimelea hicho kikaja kuitwa Trypanosoma brucei. Na mwaka 1903, wakati malale ikiangamiza watu wengi katika mwambao wa Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria, Aldo Castellani aliripoti kutoka Entebbe kwamba amekiona katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa. Mbung'o ndiye aliyethibitika kukisambaza. Kisiwa cha Unguja kilifanikiwa kumwondoa mbung'o kabisa katika miaka ya 1990, baada ya madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, kuachiliwa kwa wingi kutoka angani.

Schistosoma lina historia ya mgongano. Theodor Bilharz alimpata mnyoo huyu Kairo mwaka 1851 katika maiti alizozipasua, akamwita Distomum, yaani mwenye midomo miwili, akidhani mfyonzo wa pili ni mdomo. Mzizi wa hapo ni stoma, mdomo, ambao hutofautiana na soma kwa herufi moja tu na umewapotosha wanafunzi wengi: ndio uliomo katika stomata za majani na katika Ancylostoma, mnyoo wa safura, mwenye mdomo uliopinda. Mwaka 1858 David Weinland alipendekeza Schistosoma, mwili uliopasuliwa, kwa sababu dume ana mfereji uliokwenda kwa urefu wa mwili wake, na ndani ya mfereji huo jike hukaa maisha yake yote ya uzazi. Hili ni jina la haki kuliko la kwanza, kwani mtoaji alisema alichokiona na hakuongeza dhana. Wakazi wa Pemba na wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho bado ni maradhi ya watoto wa shule, wanaijua athari ya ndoa hiyo ndani ya mishipa ya damu: mayai ya jike ndiyo yanayoumiza kibofu, utumbo na ini.

Trypanosoma anastahili kurejewa, kwa sababu ndani ya mwili wake mdogo istilahi karibu zote zilizotajwa hukutana. Ana jozi 11 za kromosomu kubwa, pamoja na nyingine ndogo sana zipatazo 100, ambazo hutunza nakala za akiba za jeni za protini ya koti lake. Kinga ya mwili wa mgonjwa inapolitambua koti moja, baadhi ya vimelea huwa tayari vimebadilisha, na ndiyo maana homa ya malale huja kwa vipindi. Jeni moja tu ya koti husomwa kwa wakati mmoja, katika sehemu maalumu ya kiini ambayo wachunguzi waliieleza mwaka 2001 na kuiita, kwa mara nyingine, gimba. Ana pia glaikosomu, kutokana na glykys, yaani tamu, vifuko vilivyoelezwa na Fred Opperdoes na Piet Borst mwaka 1977, ambamo hatua saba za mwanzo za kuvunja glukosi hufanyika. Na kwa kuwa akiwa katika damu ya binadamu hutegemea glukosi peke yake, vifuko hivyo vimekuwa shabaha ya wanaotafuta dawa.

Ana lisosomu moja pia, nayo ndiyo inayoamua kama mtu ataugua au la. Damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1, inayosafiri pamoja na chembe za mafuta. Trypanosoma anayewaua ng'ombe kwa nagana huimeza protini hiyo kama chakula na kuipeleka kwenye lisosomu, ambako asidi huibadili umbo hadi ikajipenyeza katika utando na kuutoboa. Chumvi na maji huingia, kimelea huvimba na kupasuka. Hii ndiyo sababu mfugaji huweza kuumwa na mbung'o wale wale walioambukiza ng'ombe wake na asipate nagana. Trypanosoma brucei rhodesiense, anayeleta malale ya ghafla Tanzania, Uganda, Malawi na Zambia, amepata protini iitwayo SRA ambayo huikamata APOL1 kabla haijatoboa kitu. Lakini mwaka 2010 watafiti walieleza aina mbili za APOL1 zilizobadilika, zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na kwa wingi zaidi upande wa magharibi wa bara, ambazo zina uwezo wa kumwangamiza rhodesiense; ya pili hasa haishikiki na SRA kwa urahisi. Mtu mwenye nakala moja ya aina hiyo hupata kinga bila kulipa gharama kubwa, ilhali aliyerithi nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, yumo katika hatari iliyo kubwa zaidi ya figo zake kushindwa kufanya kazi.